Baiskeli Katika Nchi Tambarare ya Fens: Mwongozo kwa Anayeanza Uingereza

Ikifika Mei, jua la Uingereza linapoanza kuchelewa kuzama, simu yangu hujaa maswali ya ndugu na marafiki walioko London, Leicester na Reading. Maswali ni yale yale. "Baiskeli nimenunua, niende wapi nisikutane na malori?" "Huko kwenu Cambridge kweli hakuna milima?" "Inatakiwa leseni?" "Nikichoka katikati ya mashamba narudije?" Nimejibu kwa ujumbe wa sauti miaka kadhaa, mmoja mmoja. Safari hii naandika.

Nianze na majibu mafupi. Leseni haitakiwi, bima haitakiwi, kodi ya barabara haikuhusu. Kofia ngumu sheria hailazimishi, lakini Highway Code, yaani kanuni rasmi za barabara, inaishauri, nami nakuomba uvae. Na milima, kweli, hakuna. Fens ni eneo la mashariki mwa Uingereza linalogusa Cambridgeshire, Lincolnshire na Norfolk. Lilikuwa kinamasi kikubwa hadi karne ya 17, pale mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, alipoongoza uchimbaji wa mifereji ya kulikausha. Udongo wake ni mweusi, umetokana na mimea iliyooza majini. Ulipokauka ukasinyaa na ardhi ikashuka. Holme Fen, kusini mwa Peterborough, kuna nguzo ya chuma iliyozamishwa mwaka 1851 hadi ncha yake ikawa sawasawa na ardhi. Leo nguzo hiyo inakupita kimo mara mbili, imetokeza kiasi cha mita 4, na wewe uliyesimama chini yake uko karibu mita 3 chini ya usawa wa bahari.

Naitaja historia hii kwa sababu utaiona barabarani. Udongo unaosinyaa huvuta lami ikawa na mawimbi na nyufa. Na nchi isiyo na kilima wala msitu haina cha kuzuia upepo. Ndiyo maana wengi hurudi wamechoka kuliko walivyotarajia: walijiandaa kwa tambarare, hawakujiandaa kwa upepo. Huku upepo ndio mlima, na karibu kila hatua hapa chini inahusu namna ya kuukwepa au kuutumia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Baiskeli yoyote iliyo nzima inatosha, ya gia saba au ya gia ishirini. Ya mbio yenye tairi nyembamba sana ndiyo siishauri kwa safari ya kwanza, kwa sababu ya nyufa nilizotaja. Tairi la upana wa milimita 32 hadi 40 litakufaa zaidi. Kama huna baiskeli, Cambridge kuna maduka ya kukodisha.

Beba hivi:

- tyubu moja mpya ya saizi ya tairi lako (saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi), vijiti vya plastiki vya kung'olea tairi, viraka na pampu ndogo;
- spana au ufunguo wa kufungulia magurudumu, kama hayafunguki kwa mkono;
- taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, hata ukitoka asubuhi;
- maji lita moja na nusu, na chakula cha kweli, si biskuti tu. Chapati iliyoviringishiwa mayai hukaa vizuri mfukoni na haivunjikivunjiki;
- koti jepesi la kuzuia upepo, glavu, na miwani, maana kandokando ya mifereji wakati wa kiangazi wadudu wadogo huingia machoni;
- simu yenye chaji na ramani uliyoipakua. Ukipenda karatasi, ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, aina ya Landranger namba 154 na 143 zinafunika Cambridge, Ely na Wisbech.

Usitumie ramani ya zamani ya njia za baiskeli uliyorithi kwa mtu. Mwaka 2020 karibu robo ya mtandao wa taifa wa njia za baiskeli iliondolewa au ikabadilishwa hadhi, nyingi zikiwa barabara zilizokuwa na magari mengi mno.

Hatua kwa hatua

1. Kagua baiskeli siku moja kabla, si asubuhi ya safari.

Jaza upepo kwenye tairi kwa kufuata kipimo kilichoandikwa ubavuni. Zungusha kila gurudumu uone kama linagusa breki. Paka cheni mafuta, kisha ifute kwa kitambaa. Mafuta yanayobaki nje hukusanya vumbi tu. Panda, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Kama goti bado limepinda, pandisha siti. Siti iliyo chini ndiyo inayoumiza magoti ya wengi, na wengi wetu tulijifunzia baiskeli za watu wazima kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu, kwa hiyo hatukuwahi kufundishwa kupima siti.

Jambo jingine: baiskeli za Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia. Jaribu zote mbili ukiwa mwendo wa pole mahali patupu. Ukiikaba ya mbele ghafla kwenye changarawe, utaanguka.

2. Chagua njia kwa uwezo wako wa leo.

Nakupa tatu, kutoka rahisi hadi ndefu.

*Ya kwanza: Cambridge hadi Longstanton au St Ives.* Shuka kituo cha treni cha Cambridge North. Hapo hapo inaanza njia ya lami iendayo sambamba na busway, barabara maalumu ya mabasi iliyofunguliwa mwaka 2011. Sehemu kubwa yake imejengwa juu ya reli ya zamani iliyoacha kubeba abiria mwaka 1970, ndiyo maana imenyooka hivyo. Utapita Histon, Oakington, kisha Longstanton, kiasi cha kilomita 10. Geuza hapo na utakuwa umemaliza kilomita 20 bila kuchanganyika na magari isipokuwa unapokatiza barabara. Mwenye nguvu ataendelea hadi St Ives, kama kilomita 20 kwa upande mmoja, mji wenye daraja la mawe la karne ya 15 ambalo katikati yake kuna kanisa dogo. Angalia: mabasi yale huenda kasi na huyasikii yakija ukiwa na upepo masikioni. Vuka kwenye vivuko tu, na usikanyage njia yao ya zege hata kwa kupiga picha. Majira ya baridi sehemu ya karibu na Fen Drayton hufunikwa na maji ya mto. Maji yakiwa juu ya njia, usiyapime kwa gurudumu. Rudi.

*Ya pili: Cambridge hadi Waterbeach kando ya mto Cam.* Ni fupi, haifiki kilomita 10, na Waterbeach kuna kituo cha treni cha kukurudisha. Ni nzuri kwa anayekwenda na mtoto mkubwa, ila sehemu zake ni nyembamba na watembea kwa miguu ni wengi. Kwenye malisho ya mjini utakutana na ng'ombe wamelala njiani. Wazunguke polepole, usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Yale mabomba ya chuma yaliyolazwa kwenye mageti kuzuia mifugo, yavuke ukiwa umenyooka, hasa yakiwa na maji.

*Ya tatu, na ndiyo niipendayo kuliko zote: Cambridge hadi Ely kupitia Wicken Fen.* Ni takribani kilomita 40 kwa upande mmoja. Unatoka mjini kuelekea mashariki kwa njia ya taifa ya baiskeli namba 51 hadi Bottisham, kisha unashika namba 11, sehemu iitwayo Lodes Way. Lode ni mfereji wa kale wa kupitishia mashua. Inaaminika baadhi yake ilichimbwa enzi za Warumi. Utapita kijiji cha Lode, palipo na Anglesey Abbey, halafu mashamba meusi yasiyo na mwisho, na madaraja juu ya mifereji. Lile la Burwell Lode lina ngazi, kwa hiyo mwenye baiskeli nzito ya umeme aende na mtu wa kumsaidia. Wicken Fen ni kipande cha kinamasi kilichobaki, kinachotunzwa na National Trust, shirika la hifadhi, tangu 1899. Pana farasi wadogo wa Konik, ng'ombe wenye manyoya marefu, mkahawa na choo. Pumzika hapo, usipite.

Baada ya Wicken, inua macho. Kanisa kuu la Ely, lililoanza kujengwa mwaka 1083, utaliona mbali kabla ya kulifikia. Watu wa huku huliita Meli ya Fens, na kweli linaonekana kama jahazi limetia nanga shambani. Mji wenyewe ulikuwa kisiwa wakati wa kinamasi, na jina lake husemekana limetokana na mikunga waliokuwa wakivuliwa majini humo. Kwa kuwa ulikuwa kisiwa, uko juu kidogo: mwinuko wa kutoka mtoni hadi kanisani ndio pekee utakaokufanya ushuke gia siku hiyo.

3. Soma upepo, ndipo uamue uanzie wapi.

Hatua hii usiiruke. Utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, unaonyesha kasi ya upepo kwa maili kwa saa, na herufi za upande unakotoka. Aliyekulia pwani hatapata shida: kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini. Vivyo hivyo, SW ni upepo utokao kusini-magharibi. Na huo ndio unaovuma siku nyingi zaidi Uingereza.

Sasa tazama ramani. Ely iko kaskazini-mashariki mwa Cambridge. Upepo wa SW ukivuma, ukitoka Cambridge kwenda Ely unakusukuma mgongoni njia nzima. Basi nenda kwa baiskeli, rudi kwa treni. Siku ukivuma kutoka mashariki au kaskazini, fanya kinyume: panda treni hadi Ely, shuka nao hadi Cambridge. Wenye majahazi hawakuanza safari kwa kubishana na msimu, nawe huna sababu.

Kwa njia ya kwenda na kurudi pale pale, kama ile ya Longstanton, anza kwa kuukabili upepo ukiwa na nguvu, urudi ukiwa unasukumwa. Mimi nilijifunza hili kwa kuumia. Nilitoka Ely hadi Littleport, kama kilomita 9, upepo mgongoni, nikafika kwa nusu saa bila jasho. Kurudi kulinichukua zaidi ya saa moja, na njiani hapakuwa na hata kichaka cha kujikinga.

Vipimo vyangu: chini ya maili 10 kwa saa ni siku njema. Kati ya 10 na 15 utausikia. Ukifika 20, anayeanza aahirishe, kwa sababu kwenye barabara iliyoinuka juu ya mfereji upepo wa ubavuni unaweza kukusogeza katikati ya njia ya magari. Mara nyingi upepo huwa mdogo asubuhi na huongezeka kuelekea mchana, kwa hiyo toka mapema.

4. Panga treni na mwanga.

Kutoka Ely hadi Cambridge treni huchukua kama robo saa, na baiskeli hailipiwi. Lakini siku za kazi, saa za msongamano, treni za kuingia London asubuhi na kutoka London jioni hazipokei baiskeli zisizokunjwa. Jumamosi na Jumapili ni nafuu, ila angalia matangazo ya matengenezo ya reli. Mabasi yanayowekwa badala ya treni kwa kawaida hayachukui baiskeli.

Mwanga hubadilika sana kuliko kwetu. Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Jua likishazama, taa mbili na kiakisi chekundu cha nyuma ni lazima kisheria.

5. Zijue alama.

Njia za taifa zina vibao vya bluu vyenye picha ya baiskeli na namba ndani ya kisanduku chekundu. Mashambani utaona pia mishale midogo kwenye nguzo: wa njano ni njia ya miguu tu, usiingie na baiskeli; wa bluu ni njia ya farasi, nawe unaruhusiwa, lakini wapishe waliopanda farasi na wasemeshe kwa upole kabla ya kuwapita, maana farasi hushtushwa na kitu kinachokuja kimyakimya nyuma yake. Kibao cha duara cheupe chenye mstari mweusi maana yake magari yanaweza kwenda hadi maili 60 kwa saa, hata kama barabara ni nyembamba kama uchochoro.

6. Kaa mahali panapoonekana.

Uingereza ni kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Aliyezoea barabara za Congo, Rwanda au Burundi ajikumbushe kila anapoanza tena baada ya kupumzika. Hapo ndipo watu husahau. Kipilefti huzungukwa kwa mwelekeo wa saa.

Usiendeshe ukiwa umebana ukingoni. Ukingo wa barabara za Fens umemeguka, na nje yake mara nyingi kuna mfereji mrefu kwenda chini. Acha angalau nusu mita kati yako na ukingo, na kwenye kona isogelee zaidi katikati ili dereva akuone na asijaribu kukupita mahali pasipotosha. Kanuni zinamtaka akupishe kwa mita 1.5 au zaidi. Mkiwa wawili mnaruhusiwa kwenda sambamba, ila trekta likija nyuma jipangeni mmoja nyuma ya mwingine, na pakipatikana nafasi simameni lipite. Mkulima aliyepishwa hukumbuka, na atawapisha wengine.

Nyufa za Fens hukimbia kwa urefu wa barabara, na hizo ndizo zinazomeza gurudumu. Zikatize, usizifuate. Reli nazo zivuke kwa pembe mraba. Kuanzia Septemba hadi majira ya baridi wakulima huvuna viazisukari, na matrekta huacha matope barabarani. Yakilowa huteleza kama sabuni. Punguza mwendo kabla, usibane breki ukiwa juu yake.

7. Nenda taratibu, kula mapema.

Kilomita 12 hadi 15 kwa saa zinatosha. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu. Kunywa kila robo saa, kula kila saa hata kama njaa haijauma. Usitegemee maduka: vijiji vingi havina, na baa za vijijini nyingi hufunga jikoni alasiri. Ukitumia theluthi moja ya maji yako kabla ya theluthi ya safari, geuza.

Mambo yakiharibika

*Pancha.* Mwisho wa kiangazi hadi majira ya baridi wakulima hupogoa michongoma ya hawthorn kando ya barabara, na miiba hubaki njiani. Kama ni gurudumu la nyuma, weka kwanza cheni kwenye gia ndogo kabisa, ndipo ulitoe. Ng'oa tairi upande mmoja, toa tyubu. Kisha pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote. Karibu kila anayelalamika kwamba tyubu mpya nayo imetoboka dakika kumi baadaye, mwiba wa kwanza aliuacha humo. Ijaze tyubu mpya upepo kidogo ipate umbo, irudishe, na umalizie ukingo wa tairi kwa vidole gumba. Vijiti vya kung'olea havitumiki kurudishia, hubana tyubu na kuitoboa. Kiraka kibandike nyumbani.

*Cheni imetoka.* Usilazimishe pedali. Sukuma gia ya nyuma mbele kwa mkono ili cheni ilegee, iweke juu ya meno madogo, zungusha pedali polepole.

*Mikono inakufa ganzi.* Unaegemea mno mbele. Legeza viwiko, badilisha mahali pa kushika, na ukifika nyumbani pandisha usukani kidogo au usogeze siti.

*Upepo umegeuka nawe uko mbali.* Shuka gia mbili, inama, sahau kasi. Mkiwa wawili, mmoja akae nyuma ya mwenzake umbali wa urefu wa baiskeli, mbadilishane kila dakika tano. Ukishindwa, tafuta kituo cha karibu: Waterbeach, Ely na Littleport vyote viko kwenye reli moja.

*Umepotea.* Kilomita kadhaa za shamba hufanana kabisa. Rudi hadi kibao cha mwisho chenye namba, usijaribu kukata njia kuelekea kanisa la Ely kwa sababu tu unaliona. Kati yenu kuna mifereji isiyo na madaraja.

*Mtu ameumia.* Piga 999 au 112. Taja namba ya njia, kijiji cha mwisho mlichopita na mfereji au reli iliyo karibu. Kwenye vivuko vya reli huwa kuna kibao chenye jina la kivuko na namba ya simu. Kama kivuko kiko karibu, mtume mmoja akasome jina hilo, litawaonyesha waokoaji mahali penyewe. Mgonjwa mfunike koti, maana akilala chini kwenye upepo ule hupoa upesi hata Julai.